Haki ya mtoto ni deni, si hisani: Nasaha kwa vijana wa vyuo

Kila unapoingia mwezi mtukufu wa Ramadhani, na kila inapokaribia Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika, vijana wetu wa vyuo hutoka. Hutoka na fulana zilizoandikwa maneno mazuri, na mabango, na katoni za sabuni, na mifuko ya unga na sukari, wakaelekea kwenye vituo vya kulelea yatima. Ni jambo la kheri na mwenye kulibeza hawatendei haki. Kijana ambaye mkopo wake wa Bodi haumfikishi mwisho wa mwezi, akachanga alichonacho kwa ajili ya mtoto asiyemjua, huyo anastahiki dua zetu.

Pamoja na hayo, ndugu msomaji, kuna swali ambalo naona hatulijadili. Kijana huyu anapokwenda kwa mtoto, anakwenda kama nani? Kama mtoaji, au kama mtu anayemsaidia mwenye haki kudai chake? Wapo watakaosema hilo ni swali la wanafalsafa wasio na kazi. Mimi nasema jawabu lake ndilo linaloamua iwapo mtoto atanufaika au atatumiwa.

Hisani ni mali yangu ninayoamua kumpa mwingine. Nikitoa nashukuriwa, nisipotoa hakuna wa kunishitaki. Haki ni kinyume chake. Ni mali ya mtoto iliyo mikononi mwa mtu mwingine, na aliyenayo asipoirudisha ni dhalimu. Kwa hiyo anayesema "haki za mtoto" amekubali, atake asitake, kwamba kuna mdaiwa. Sasa kampeni gani hii ya kudai deni ambayo mdaiwa hatajwi, na mwenye kudai ndiye anayesimamishwa mstarini aimbe na kushukuru?

Imepokewa habari ya Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alipokuwa akilinda usiku msafara wa wafanyabiashara waliopiga kambi Madina. Akasikia mtoto mchanga analia. Akamwendea mama yake akamnasihi. Baada ya muda akamsikia tena, akaenda tena, na mara ya tatu akamuuliza mama yule kwa nini mwanawe hatulii. Mama, asijue anazungumza na nani, akajibu kwamba anamwachisha ziwa kwa nguvu kabla ya wakati, kwa kuwa Umar hatoi posho ila kwa mtoto aliyekwishaachishwa. Asubuhi yake Umar aliswalisha huku kilio kikimzuia watu wasisikie vizuri kisomo chake. Kisha akatangaza kwamba kuanzia hapo kila mtoto anayezaliwa katika Uislamu ana posho yake.

Tuzingatie alichofanya. Hakumpa mama yule dirhamu chache akaenda zake kulala. Alitafuta kilio kimetoka wapi, akakuta kimetoka katika utaratibu wake mwenyewe, akaubadilisha. Hiyo ndiyo tofauti ya hisani na haki.

Baadhi ya Waislamu huwaambia vijana hawa kwamba haki za mtoto ni ajenda ya Magharibi. Nakubali kuwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, una vifungu ambavyo nchi kadhaa za Kiislamu ziliviwekea masharti. Lakini mkataba huo huo, katika kifungu cha 20, unaitaja kwa jina kafala ya sheria ya Kiislamu kuwa ni njia mojawapo ya kumlea mtoto aliyekosa wazazi. Na kabla ya mkataba wowote, Qur'an ilikwishasema kwamba mtoto wa kike aliyezikwa hai ataulizwa ni kwa kosa gani aliuawa, na kwamba wanaokula mali ya yatima kwa dhulma wanajaza moto matumboni mwao. Kama mada hii imeonekana ya wageni, sababu ni kwamba sisi wenyewe tumeiacha ikaokotwa na wengine.

Hata hiyo Juni 16 ina funzo. Siku hiyo mwaka 1976, wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, waliandamana kupinga kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikana, wakapigwa risasi. Hawakuwa wakiomba daftari wala sukari. Walikuwa wakidai chao, tena wao wenyewe kwa midomo yao.

Tukishalikubali hili, mambo matatu yanafuata.

La kwanza ni picha. Siku hizi msaada hautolewi mpaka simu ziwe juu. Mtoto anapewa sabuni, anaambiwa atazame huku, kesho uso wake umeenea mitandaoni na maneno "tumewafariji yatima". Nimewahi kujibiwa kwamba bila picha wafadhili hawachangi, na kwamba Qur'an yenyewe imeruhusu kutoa sadaka hadharani. Ni kweli imeruhusu. Lakini aya hiyo hiyo, ya 271 katika Suratul Baqara, imesema kuificha na kuwapa mafakiri ni bora zaidi. Kisha tazama kilichoruhusiwa kudhihirishwa: ni sadaka, si uso wa aliyepewa. Piga picha magunia, onesha risiti, wafadhili waone. Mtoto yule atakua, atakuwa mwalimu au mfanyabiashara, na picha ya njaa yake itakuwa bado inazunguka. Mwenye deni akilipwa haki yake hapigwi picha ya aibu.

La pili ni kudumu. Mtoto wa kituoni anazoea nyuso za Ramadhani zinazotoweka Shawwal. Waswahili wamesema ahadi ni deni, na kumzoesha mtoto mapenzi kisha ukapotea ni ahadi iliyovunjwa hata kama hukuitamka. Wanafunzi watano wanaokwenda kila Jumamosi kufundisha hesabu mwaka mzima wana faida kuliko mabasi matatu ya siku moja.

La tatu ndilo zito zaidi, nalo ni kumtaja mdaiwa. Wadaiwa wengine hawako mbali. Konda anayemzuia mwanafunzi wa shule ya msingi mlangoni mwa daladala kwa sababu ya nauli yake ndogo, ilhali ndani wamekaa wasomi wa chuo kikuu kimya, ni mdaiwa. Na waliokaa kimya je? Msichana wa kazi wa miaka 12 anayeamka kabla ya wote na kulala baada ya wote yumo katika nyumba za watu wanaoswali, wakati Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi. Bakora zinazopita kiasi hazipo shule za serikali tu, zimo pia katika baadhi ya madrasa zetu. Na yule yatima tuliyempelekea sabuni, mara nyingine baba yake aliacha nyumba, na kodi ya nyumba hiyo anaila baba mkubwa. Suratun Nisaa imeagiza yatima wapimwe wanapofikia umri, wakabidhiwe mali zao, na wawepo mashahidi. Nani amekwenda kuuliza hesabu hiyo?

Hapa ndipo elimu ya chuo ina thamani kuliko katoni. Anayesoma sheria amsaidie mjane kufungua mirathi. Anayesoma uhasibu aandike alichoacha marehemu na kinachoingia kila mwezi. Anayesoma ualimu akae na walimu wa madrasa, kwa adabu, wazungumze namna ya kumfundisha mtoto bila kumvunja. Aliyeona mtoto anadhulumiwa anapaswa, kwa Sheria hiyo ya 2009, kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa, na ipo namba 116 ya kupiga bure kwa ajili ya watoto. Mambo haya hayapendezi katika picha, na yanaleta uhasama, jambo ambalo sukari hailileti.

Kwa hiyo nasaha yangu haiwahusu vijana peke yao. Sisi wazazi, maimamu na wazee wa misikiti tunawapenda sana wanapokuja na mifuko. Tunawasimamisha baada ya swala tukawaombea. Siku kijana huyo huyo atakapobisha hodi kwa baba mkubwa, tena mtu wa safu ya mbele, akauliza kwa upole kodi ya nyumba ya marehemu inakwenda wapi, tutasimama naye, au tutasema vyuo vimemharibu adabu? Jawabu letu siku hiyo ndilo litakaloonesha kama tuliamini kuwa mtoto ana haki, au tulipenda tu kuonekana tunatoa.

Wabillahi tawfiq.