Rutuba ya Shamba ni Mali ya Nani?



Miaka mitatu iliyopita nilimkodisha kijana mmoja, jirani yangu, shamba la ekari mbili. Nilimwambia kweli yote: shamba limechoka. Kwa miaka mingi nililima mahindi juu ya mahindi na mabua nikayachoma. Kwa hiyo kodi ilikuwa ndogo, nasi tulipatana mwaka kwa mwaka.

Msimu wa kwanza alipanda mahindi nusu ya shamba, na nusu nyingine akapanda marejea. Msimu wa pili akabadilisha. Wengi wenu mnayajua marejea, mmea wa jamii ya kunde wenye maua ya manjano, ambao wamonaki wa Peramiho walikuwa miongoni mwa walioueneza huku kwetu katika miaka ya 1970 na 1980. Hapa Songea tuna msimu mmoja tu wa mvua. Anayepanda marejea peke yake amejinyima mahindi ya mwaka mzima katika sehemu ile. Watu walimcheka, wakasema analima majani.

Yafaa tujue majani yale hufanya kazi gani. Katika hewa tuvutayo, karibu sehemu 78 kwa kila 100 ni naitrojeni. Mahindi huihitaji sana, lakini hayawezi kuichukua hewani. Marejea, fiwi, mbaazi na wenzao hukaa na bakteria katika vinundu vya mizizi yao. Bakteria hao huigeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea, nao mmea huwalisha sukari. Ukipasua kinundu kilicho kazini utaona wekundu ndani yake. Marejea yakianza kutoa maua, hukatwa na kufukiwa, yakaoza na kuulisha udongo. Ukingoja uvune mbegu, sehemu kubwa ya chakula kile huondoka nazo. Basi mkulima hukata mmea ungali mzuri, bila kutia kitu ghalani, akitumaini mwaka ujao.

Msimu wa tatu mahindi yalistawi shamba zima. Nilipopita nikayaona, wazo likanijia: shamba hili sasa lastahili kodi kubwa, huyu asipoweza, yupo mwingine atakayeweza. Nikamwita, nikamweleza. Hakubisha. Alisema tu, "Sawa, Mwalimu, shamba ni lako. Lakini hiyo rutuba unayotaka niilipie, si ni ile niliyoitia mimi?"

Usiku ule sikupata usingizi. Nilijitetea moyoni kwamba ardhi ni yangu, mapatano yalikuwa ya mwaka mmoja mmoja, wala sikumwagiza kupanda marejea. Yote hayo ni kweli. Lakini kama angejenga banda, angeng'oa mabati yake na kwenda nayo. Rutuba haing'oleki. Mwenye kuitia akiondoka, huondoka mikono mitupu. Je, kwa kuwa hawezi kuibeba, ndiyo imekuwa yangu?

Tena, wengine wanaokodi mashamba walikuwa wakitazama. Kama ningemtoza au kumtoa, wangejifunza kwamba kulisha shamba la mwenzio ni ujinga. Lifyonze, kisha uhame. Sisi wenye mashamba twawalaumu wanaokodi kwamba wanaiua ardhi. Lakini anayepewa mwaka mmoja tu atapandaje kwa ajili ya mwaka wa pili?

Katika Walawi sura ya 25 Mungu awaambia Waisraeli kwamba nchi ni yake, nao ni wageni na wapitaji tu juu yake. Sura hiyo hiyo yaagiza kwamba bei ya shamba ihesabiwe kwa miaka ya mavuno iliyobaki. Basi mimi nami ni mpangaji. Na yule mtumishi katika mfano wa talanta alimshitaki bwana wake kwamba huvuna asipopanda. Alilisema lile ili kuficha uvivu wake. Kwangu mimi shitaka hilo lingekuwa kweli tupu.

Mtu atasema kwamba hata mwenye shamba ana haki, na wazee wengine huishi kwa kodi hiyo. Ni kweli, wala sisemi tutoe mashamba bure. Nasema kodi isipande mpaka aliyeitia rutuba amekwisha kula matunda yake, na tuwape watu miaka ya kutosha, kwa maandishi na mbele ya mashahidi. Mimi na kijana yule tumeandikiana miaka mitano kwa kodi ile ile, nami nitatoa mbegu za marejea.

Ndugu zangu, tunapoleta malimbuko yetu madhabahuni, na kila mmoja aliyekodisha shamba ajiulize kama ndani ya kikapu chake hamna jasho la mtu ambalo halijalipwa.