Mganga na Wachukuzi Wake

Mwaka 1939 ilitengenezwa huko Marekani sinema iitwayo Stanley and Livingstone, yenye habari za mganga yule Mskoti, na mtu aliyemtafuta hata akamwona Ujiji mwaka 1871. Jina la sinema lina watu wawili tu. Lakini njia ya misafara ipitayo Tabora ilikuwa na watu wengi. Basi nauliza: tusifupo huruma ya mganga, je, twaiona huruma yote iliyokuwapo?

Bwana Livingstone alikaa Kwihara, karibu na Tabora, akingoja wachukuzi, hata Agosti 1872 akaondoka. Mei 1873 akafa kijijini kwa Chitambo. Susi na Chuma na wenzao wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakauchukua. Oktoba wakafika Unyanyembe. Huko Bwana Cameron, Mwingereza, aliwashauri wauzike palepale; wakakataa. Mbele ya safari, walipoona ya kuwa wenyeji hawakubali maiti ipite, waliufunga kama mtumba wa nguo, wakafika nao Bagamoyo Februari 1874. Aprili ukazikwa London.

Labda mtu atasema, "Walifuata ujira." Kweli, walikuwa watu wa mshahara, wala ujira wa halali si aibu. Lakini ujira hauelezi neno lile la Unyanyembe. Pale walipewa nafasi ya kuutua mzigo, wala hakuna ambaye angewalaumu. Afuataye mshahara tu, akiambiwa atue, hutua. Wao hawakutua, na maiti hawezi kulipa wala kushukuru.

Katika Luka 10 Msamaria alimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake. Katika njia zetu mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo, na mabega ya watu yakawa badala yao. Tena Susi alikuwa hajabatizwa bado. Lakini Bwana wetu hakumchagua Msamaria kuwa mfano kwa sababu ya dini yake, bali kwa sababu alitenda huruma.

Basi mgonjwa akipona, twamshukuru daktari, na ni vema. Lakini yatupasa kuuliza pia: ni nani waliomchukua usiku kwa machela? Ni nani aliyempikia uji? Sifa ya mmoja haipungui wengine wakitajwa. Mungu ayajua majina ya msafara wote. Nasi tujifunze kuyauliza.