Kwa Nini Tunamshangilia Mwizi?

Wizi ni tendo linalochukiwa na kila jamii yenye sheria. Dini zimeukataza, mila zimeulaani, na serikali zimeutungia adhabu. Hata hivyo, pana mahali pamoja ambapo mwizi hupokewa kwa vifijo na vigelegele, napo ni mbele ya kitambaa cheupe cha sinema. Kijana aliye tayari kumkimbiza mwizi wa kuku sokoni na kumpiga mawe, jioni huketi mbele ya filamu akiomba kwa moyo wake wote kwamba wezi wa dhahabu wasikamatwe. Yule wa kuku huenda aliiba kwa njaa. Hawa wa dhahabu wameiba kwa tamaa. Yule tunampiga, hawa tunawashangilia. Jambo hili linastahili kuchunguzwa na walimu pamoja na wanafunzi wao, maana mambo anayoyafurahia mtu hueleza tabia yake kuliko mambo anayoyakariri darasani.

Filamu za wizi zina umri unaokaribia umri wa sinema yenyewe. Mwaka 1903, huko Marekani, Edwin Porter alitengeneza filamu ya dakika zipatazo 12, The Great Train Robbery, juu ya majambazi walioteka treni. Tangu hapo zimetokea nyingi sana. Kwa mazungumzo yetu, mbili zatosha.

Ya kwanza ni Rififi, iliyotengenezwa Ufaransa mwaka 1955 na Jules Dassin, Mmarekani aliyelazimika kutafuta kazi Ulaya kwa sababu ya siasa. Wanaume wanne wanakusudia kuvunja duka la vito mjini Paris. Wanaingia katika nyumba iliyo juu ya duka na kutoboa sakafu usiku. Kwa muda wa karibu nusu saa hakuna neno linalosemwa wala muziki unaopigwa; mtazamaji husikia pumzi za watu na sauti ya vyuma tu. Tundu la kwanza linapopatikana, mwavuli unapenyezwa na kufunguliwa chini yake, ili vifusi vitue ndani ya mwavuli badala ya kuanguka kwa kishindo na kuishtua kengele. Kengele nayo inanyamazishwa kwa povu la kuzimia moto. Mtazamaji hujikuta naye amezuia pumzi, kana kwamba kikohozi chake kitawaponza.

Ya pili ni The Italian Job, filamu ya Kiingereza ya mwaka 1969 iliyoongozwa na Peter Collinson. Humo dhahabu ya dola milioni 4 inaibwa mchana kweupe mjini Turin, Italia. Wezi wanaivuruga kompyuta inayoongoza taa za barabarani, mji mzima unakwama kwa msongamano, kisha motokaa tatu ndogo, moja nyekundu, moja nyeupe na moja ya buluu, zinatoroka na dhahabu: zinateremka ngazi, zinapita juu ya mapaa na ndani ya mifereji ya chini ya ardhi. Ikiwa filamu ile ya Paris hushika roho, hii huchekesha. Mji wenye fahari umegeuzwa uwanja wa watoto kuchezea.

Sasa tuulize: ni kitu gani hasa kinachotufurahisha? Hakiwezi kuwa mali, kwa kuwa mtazamaji hapati hata senti. Kinyume chake, amelipa kiingilio. Mimi naona ni mambo matatu. Kwanza, ufundi: tunawaona watu wanaoijua kazi yao barabara. Pili, ushirikiano: kila mmoja ana fungu lake, na anayechelewa dakika moja huwaangamiza wote. Tatu, hofu isiyo na madhara: moyo unadunda, na mwili uko salama kitini. Katika hayo matatu, mawili ya kwanza ni sifa zile zile tunazozililia katika viwanda, mashamba na ofisi zetu. Filamu ya wizi ni filamu ya kazi, ambayo imetiwa hatari ili watu wasisinzie. Furaha ya namna hiyo haina aibu. Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini methali hiyo haikutueleza vidole vikikusanyika vitavunja nini: vyaweza kuvunja chawa, na vyaweza kuvunja kufuli.

Wako walioiona hatari hiyo mapema. Makampuni ya filamu ya Marekani yalijiwekea kanuni mwaka 1930, zikatiliwa nguvu kuanzia mwaka 1934, na hazikuachwa hadi mwaka 1968. Kanuni hizo ziliagiza kwamba mbinu za wizi zisionyeshwe kinaganaga, na kwamba mtazamaji asivutwe kuwa upande wa mhalifu. Ndiyo sababu katika filamu za miaka hiyo, kama The Asphalt Jungle ya John Huston ya mwaka 1950, wezi huishia kufa au kukamatwa. Hata katika Rififi, isiyofungwa na kanuni za Marekani, wote wanne wanakufa. Na ile ya Turin humalizikia ukingoni mwa genge, basi likining'inia, watu upande mmoja na dhahabu upande wa pili, wala hatuambiwi kilichofuata.

Dawa hiyo ni ile ya methali yetu, kwamba siku za mwizi ni arobaini. Lakini nasema kuwa haiufikii ugonjwa. Mtazamaji amefurahi pamoja na mwizi siku thelathini na tisa. Ile ya arobaini haimfundishi kitu, isipokuwa kwamba wale walikosa bahati na mwingine afanye hadhari zaidi.

Kasoro ya filamu hizi iko mahali pengine, nayo ni kumficha aliyeibiwa. Mjini Paris tunaona duka, mjini Turin tunaona vipande vya dhahabu. Mwenye mali hana uso, hana watoto, hana usiku wa kukosa usingizi. Na tulinganishe na wizi wa kweli. Tarehe 8 Agosti 1963, huko Uingereza, treni ya posta iliyokuwa ikitoka Glasgow kwenda London ilisimamishwa na majambazi kwa ujanja ambao mtunzi ye yote wa filamu angeuonea fahari: taa ya kijani ilifunikwa kwa glavu, na taa nyekundu ikawashwa kwa betri. Waliiba kiasi cha pauni milioni 2.6. Sifa zao zikaenea duniani, na mwaka 1967 Peter Yates akatengeneza filamu iitwayo Robbery iliyotokana na kisa hicho. Lakini dereva wa treni, Jack Mills, alipigwa chuma kichwani usiku ule. Hakuirudia tena afya yake ya kwanza hadi alipofariki mwaka 1970 kwa maradhi mengine. Wanaoyajua majina ya majambazi ni wengi. Wanaolijua jina la dereva ni wachache.

Wazee wetu hawakuwa watu wa kuogopa kisa cha mjanja. Sungura ameiba katika hadithi zetu tangu zamani, na watoto wamecheka. Lakini angalia jinsi hadithi ya kisima ilivyopangwa. Inaanza na ukame, na wanyama wakichimba kwa zamu huku Sungura akikataa kushiriki. Msikilizaji amekwisha kuwaona wakitoka jasho kabla hajamwona Sungura akinywa maji yao. Anacheka, naam, lakini anajua kisima ni cha nani. Na anayemnasa Sungura mwishoni ni Kobe, mnyama asiye na mbio wala maneno mengi.

Jambo hili lina uzito kwa taifa, kwa sababu mali isiyo na uso kuliko zote ni mali ya umma. Anayechota saruji ya shule au dawa za zahanati hasemi, "Nimemwibia fulani." Husema, "Ni ya serikali." Na jirani zake, badala ya kumwepuka, pengine humsifu kuwa ni mjanja, mtu anayejua kupanga mambo yake, mkarimu katika harusi na misiba. Sauti ya sifa hiyo ndiyo ile ile ya ukumbi wa sinema. Sisemi kuwa filamu ndiyo inayomzaa mwizi wa mali ya umma. Nasema kuwa wote wawili hulishwa na mazoea mamoja: kustaajabia mkono unaochukua na kumsahau mwenye kuchukuliwa. Mgonjwa aliyerudishwa bila dawa ana uso, ana jina, na ana watoto.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: je, kama mwenye mali naye ni dhalimu? Swali ni la haki. Lakini ajibu kwanza kama wezi wa filamu huwarudishia mali hiyo waliodhulumiwa. Aghalabu huikusudia iwe yao wenyewe.

Kwa hiyo sishauri kwamba filamu hizi zipigwe marufuku. Starehe ni haki ya mtu aliyechoka, na akili inayopanga kwa makini ni kitu cha kupendeza po pote ionekanapo. Ninalolishauri ni kwamba filamu ikiisha, mwalimu na wanafunzi wake waketi na kuuliza maswali machache. Mali ile ilikuwa ya nani, na ilipatikana kwa jasho la nani? Mlinzi aliyefungwa kamba alifika kwake katika hali gani, na kesho yake aliulizwa nini na mwajiri wake? Mikono minne yenye utulivu kama ule ingeweza kujenga nini? Kijana atakayeyauliza hayo bila kulazimishwa atakuwa amestarehe sawasawa na wenzake, na siku atakapokabidhiwa ufunguo wa ghala atajua vilivyomo ni vya nani.