"Ulinisaidia Tu": Msaidizi Katika Ndoa ni Nani?

Mwezi huu tutazame neno moja tu. Ni neno ambalo kila mmoja wetu hulitamka mara nyingi kwa siku bila kulifikiria: kusaidia.

Walionifanya nilifikirie ni mume na mke wa upande wa Masii, hapa Machakos, waliokuja kutafuta shauri. Mume amefanya kazi Nairobi kwa miaka kumi na tano, na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Mke ndiye anayekaa shambani. Shamba lenyewe liko mtelemkoni. Mume alilirithi kwa baba yake kabla ya kuoa, likiwa limekwanguliwa na maji ya mvua hata mawe yakaonekana. Mke pamoja na akina mama wa kikundi chake walilichimba matuta, msimu baada ya msimu, na leo wanavuna mahindi, mbaazi na maembe. Sasa mume anataka kuuza ekari moja ili anunue gari la kubebea mizigo, kwa kuwa kazi yake ya Nairobi haina uhakika tena. Mke amekataa.

Mbele yangu mume alisema: "Shamba ni la baba yangu. Huyu alinisaidia tu kulichimba. Hata Biblia inasema mke ni msaidizi. Tangu lini msaidizi akamkataza mwenye kazi?"

Mke hakulia wala hakupaza sauti. Alimtazama tu, akasema: "Baba watoto, miaka yote hii, kumbe nilikuwa nakusaidia."

Wapenzi wasomaji, yule mume si mtu mbaya. Hanywi, halali nje, na karo ya watoto amelipa. Anaogopa kufika uzeeni akiwa mikono mitupu. Swali lake ni la kweli, nalo lastahili jibu la kweli. Msaidizi ni nani?

Neno lililoshuka

Tukubali kwanza kwamba katika mazungumzo yetu ya kila siku msaidizi ni mtu wa chini. Msaidizi wa fundi hubeba matofali, fundi akajenga. Msaidizi wa nyumbani hupewa mshahara, na akikosea hufukuzwa. Basi mwanamume akisikia kanisani kwamba mke ni msaidizi, mara huwaza mtu wa kutumwa.

Si sisi tu tuliolishusha neno hili. Waingereza nao walifanya hivyo. Neno lao "help" ni la kale sana, na lina ndugu zake katika Kijerumani na Kiholanzi. Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611 ilisema mwanamke aliumbwa awe "help meet" kwa mwanamume. Hayo yalikuwa maneno mawili. Siku hizo "meet" lilikuwa na maana ya kufaa au kulingana. Kwa hiyo maana yake ilikuwa msaada unaomfaa, unaolingana naye. Lakini miaka ilipopita, watu walisahau maana hiyo ya zamani, wakayaunganisha maneno yale mawili kuwa neno moja, "helpmeet", na baadaye likazaliwa "helpmate". Ile habari ya kulingana ikapotea. Huko Marekani nako, watu walizoea kuwaita wafanyakazi wa nyumbani kwa neno lilo hilo "help". Nasi hapa Kenya twasema "house help", na sote twajua ni nani anayeitwa hivyo.

Neno likishuka ngazi, humshusha na mtu aliyeitwa kwalo.

Neno lilikotoka

Tuirudie asili. Sura ya 2 ya Kitabu cha Mwanzo iliandikwa kwa Kiebrania, na neno linalotumika hapo ni "ezeri". Neno hilo latokea mara ishirini na kidogo katika Agano la Kale. Mara mbili tu ni habari ya mwanamke. Mara nyingi zaidi anayeitwa hivyo ni Mungu mwenyewe, anayekuja kumwokoa mtu aliyezidiwa. Hata majina tunayobatizwa yanashuhudia. Ebenezeri ni jiwe la msaada. Eliezeri maana yake Mungu wangu ni msaada. Na Lazaro, yule rafiki wa Yesu, ni jina Eleazari lililofupishwa, yaani Mungu amesaidia.

Sasa niulize: je, yupo mtu anayesema kwamba Mungu ni mdogo wetu kwa sababu anatusaidia? Hapana. Msaada katika neno hilo hautoki chini kwenda juu. Ni nguvu ya yule anayekuja unapokuwa huwezi peke yako.

Tena Kiebrania kinaongeza neno la pili, lenye maana ya aliye mbele yake, aliyemkabili uso kwa uso. Huyu si mtu anayefuata nyuma akibeba mzigo. Anasimama mbele yako, anakutazama machoni, na anaona shimo lililo nyuma yako ambalo wewe hulioni. Mtu wa namna hiyo anaweza kukuambia ndiyo, na anaweza kukuambia hapana. Akinyimwa nafasi ya kusema hapana, basi hayuko mbele yako tena.

Kiswahili chetu nacho kina hazina yake. Kusaidia ni neno lililotoka katika Kiarabu, na shina lake ni lile lile la heri na furaha. Ndiyo maana majina Saidi, Saada na Masudi ni majina ya watu wenye heri. Katika shina hilo hilo limo neno la Kiarabu la sehemu ya mkono kutoka kiwiko hadi kiganja. Heri na mkono vinakaa nyumba moja. Wazee wetu hawakukosea waliposema mkono mmoja haulei mwana.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, katika kutaja makusudi ya ndoa, ilitaja pia msaada wa mume na mke, lakini haikusema msaada wa mke kwa mume. Ilisema kusaidiana. Sheria mpya ya mwaka 1983 yazungumzia mema ya wote wawili. Na Papa Yohane Paulo II, katika barua yake ya mwaka 1988 juu ya heshima ya mwanamke, alieleza kwamba msaada ule wa Kitabu cha Mwanzo ni wa pande zote mbili. Kama mke ni msaidizi wa mume, mume naye ni msaidizi wa mke. Yule bwana wa Masii alisoma nusu ya habari.

Tulilolijua Ukambani

Lakini hatuna haja ya kwenda mbali. Sisi wa Machakos tunajua tofauti ya msaada na msaada.

Katika miaka ya 1930 serikali ya wakoloni iliona ardhi yetu inaharibika, ikasema itatusaidia. Dawa yake ilikuwa kupunguza mifugo. Mwaka 1938 ng'ombe wa watu walichukuliwa kwa nguvu na kuuzwa. Wakamba, wanaume kwa wanawake na watoto, walitembea kwa miguu hadi Nairobi kumwona Gavana. Kiongozi wao Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu. Leo barabara moja ya katikati ya Nairobi ina jina lake. Mmomonyoko wa udongo ulikuwa wa kweli, hakuna anayekana. Lakini mwenye ng'ombe hakuulizwa. Baadaye, katika miaka ya 1940, watu walilazimishwa kuchimba matuta chini ya amri ya machifu, nao walichimba kwa chuki.

Kisha katika miaka ya 1950 jambo likageuka. Kazi ile ile ya matuta ikashikwa na vikundi vya mwethya. Kila Mkamba anajua mwethya: mtu mwenye kazi kubwa huwaita majirani, nao huja na majembe yao, yeye huwapikia. Kesho mwingine akiita, naye huenda. Vikundi vilichagua viongozi wao wenyewe, na kwa kuwa wanaume wengi walikuwa kazini Nairobi na Mombasa, wachimbaji wengi walikuwa akina mama. Waliendelea hata baada ya Uhuru. Namna yetu ya kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu sasa yajulikana na wataalamu wa nchi nyingi kwa jina lake la Kiswahili, fanya juu.

Mwaka 1994 wataalamu watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walitoa kitabu juu ya habari hii. Walionyesha kwamba watu wa Machakos waliongezeka kutoka 240,000 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi karibu 1,400,000 kufikia mwaka 1990, na hata hivyo ardhi ilikuwa imetunzwa vizuri kuliko zamani. Masoko, barabara na fedha za mishahara ya mjini zilichangia pia, tusiwasahau akina baba. Lakini matuta yalichimbwa kwa mikono.

Ardhi ilikuwa ile ile, na jembe lile lile. Tofauti ilikuwa kwamba msaada wa kwanza uliamriwa, na wa pili uliombwa, ukatolewa na ukarudishwa. Kule mtu alitumikishwa. Huku alisaidiwa na mwenzake.

Maswali matatu ya kupima msaada

Kutokana na hayo, nawapa watu wa ndoa maswali matatu.

La kwanza: kazi hii ni ya nani? Akina baba wengi husema kwa fahari, "Mimi humsaidia mke wangu kulea watoto." Nia yao ni njema, lakini wanasema bila kujua kwamba watoto ni wa mke. Hakuna anayejisaidia kazi yake mwenyewe. Vivyo hivyo mama anayesema, "Nitamsaidia baba kulipa karo," afikiri tena. Yaliyo yetu sote hatusaidiani kama wageni. Tunayafanya.

La pili: je, mwenzako uliuliza? Mume anayeamua peke yake "kwa faida ya nyumba" anafanana na wale waliokuja kuchukua ng'ombe. Huenda hata hesabu yake ni sahihi. Lakini aliyesaidiwa bila kuulizwa hubaki na uchungu, na uchungu huo hurithiwa na watoto. Mke anayeficha fedha za kikundi "ili kumwokoa mume na ulevi" naye ajiulize hivyo hivyo, ingawa najua wapo wasio na njia nyingine.

La tatu: je, msaada unarudi? Katika mwethya, anayeitwa kila siku na asiyeitikiwa siku yake hatimaye huacha kuja. Nyumbani haturudishiani kwa mizani, leo wewe kilo na kesho mimi kilo. Lakini pasiporudi kitu kamwe, hata neno la asante, hapo pana mtumishi asiye na mshahara.

Jibu kwa wale wawili

Yule bwana nilimwambia kwanza habari ya sheria, maana wengi hawaijui. Sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013 yahesabu kazi ya shambani, kazi ya nyumbani na malezi ya watoto kuwa mchango. Hata kama mali ilikuwa ya mmoja kabla ya ndoa, mwenzake akichangia kuiboresha, hupata haki ndani yake kwa kadiri ya mchango wake. Matuta yale, basi, si "kusaidia tu", hata mbele ya hakimu.

Lakini ndoa haijengwi mahakamani. Nilimwambia: "Mke wako alipokukataza, ndipo alipokuwa msaidizi wako kweli. Amesimama mbele yako akaona kitu. Muulize ni nini."

Na yule mama nilimwambia: "Kusema hapana si mwisho wa kazi yako. Mume wako ana hofu, nawe u msaidizi wake katika hofu hiyo pia. Kama si ekari, ni nini? Lete shauri." Maana aliye uso kwa uso aweza naye kukosea, na kukataa tu bila kutafuta njia si kusaidia.

Nisiwadanganye kwamba walitoka wakicheka. Gari halijanunuliwa na shamba halijauzwa. Ila mume aliponipigia simu baadaye, alisema jambo moja. Alikuwa amekuja nyumbani juma ambalo kikundi kilikuwa zamu ya shamba lao, akashika jembe pamoja na akina mama tangu asubuhi. Kufika saa nne viganja vilikuwa vimevimba malengelenge. "Mwalimu," akasema, "sikujua mtaro mmoja ni mrefu hivyo."

Hilo nalo ni mwanzo.

Ya kujadiliana nyumbani:

1. Ni kazi gani ya nyumba yetu ambayo mmoja wetu huiita "kusaidia", ilhali ni yetu sote?

2. Ni lini mara ya mwisho nilipokubali mwenzangu aniambie hapana, nikamshukuru?

3. Je, watoto wetu wanajifunza nini wakitutazama tukifanya kazi?

Mungu azibariki familia zenu.