Si Kila Kukesha ni Ibada, Wala Si Kila Huzuni ni Pepo

Kila sifa njema ni yake Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akampa akili, akaifanya akili hiyo kuwa sharti ya taklifu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu Waislamu, leo nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo katika miji yetu husemwa kwa kunong'onezana nyuma ya mlango. Nalo ni maradhi yanayowapata baadhi ya vijana wetu, wa kiume na wa kike, khasa katika miaka ya kubaleghe na ile inayofuata, yakawageuza tabia mpaka wazazi wao wenyewe wasiwatambue. Madaktari huyaita baipola. Sisi twaweza kuyaita maradhi ya kupanda na kushuka. Kwani mwenye nayo hupanda kwa kipindi kizima katika furaha au hasira isiyo na kiasi, kisha hushuka katika huzuni nzito, na baina ya hayo pengine huwa mzima kama watu wengine.

Naanza kwa kukiri kosa langu, ili asije mtu akadhani kwamba nawalaumu wengine nami nimejitoa.

Miaka kadhaa iliyopita alikuwako katika darsa yetu kijana wa miaka 17, mpole, msikivu, mwenye haya. Mara akaanza kukesha. Kila nikifika msikitini kabla ya adhana ya alfajiri namkuta amesimama anasali. Akaniambia kwamba halali ila saa mbili, wala hachoki. Akagawa nguo zake kwa maskini, na fedha za ada ya shule akazigawa pia. Maneno yakawa yamtoka mbiombio, hajamaliza hili keshaingia katika lile. Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilimsifu mbele ya wenzake. Nikawaambia wamtazame kijana aliyeonja utamu wa ibada.

Hazikupita siku nyingi akaanza kusema kwamba yeye ameteuliwa kuuongoza umma huu, na baba yake alipomnyamazisha, akamtukana. Nyumbani wakasema ni jini. Mganga akaitwa, akalipwa, akaondoka. Kisha hali ikapinduka. Kijana akawa halishi ila kulala, hali, haogi, hasali. Nikamwendea nikamkemea kwa kuacha sala, nikamwambia imani yake imepungua. Hakunijibu neno. Wiki ile ile mama yake alimkuta na kamba mikononi. Mwenyezi Mungu alimwokoa kwa mikono ya mama yake, wala si kwa elimu yangu.

Basi kosa langu lilikuwa wapi? Nilizitazama amali, sikumtazama mwenye kuzifanya. Alipopanda, maradhi niliyaita ucha Mungu. Aliposhuka, maradhi yale yale niliyaita uasi. Na lau ningeikumbuka sunna ya Mtume wetu (s.a.w.), ningezindukana mapema. Kwani Abdalla bin Amr alipotaka kufunga kila siku na kusimama kila usiku, Mtume alimzuia, akamfahamisha kwamba mwili wake una haki juu yake, na jicho lake lina haki juu yake. Mwenye kumnyima jicho haki yake usiku baada ya usiku, naye asihisi kuchoka, huyo yataka aulizwe habari zake, asiharakishwe kusifiwa.

Sasa sikilizeni dalili zenyewe. Katika kupanda, kijana hulala kidogo sana na huamka na nguvu tele. Husema mbio, na fikra zake hukimbia kuliko ulimi. Hujiona ana uwezo au cheo asichokuwa nacho. Hutumia fedha bila ya hesabu, hujitia katika hatari, na pengine mwenye haya hutenda yale ambayo akiwa mzima asingeyafanya. Walakini si lazima awe na furaha. Vijana wengi katika hali hii huwa wakali tu, wakawaka kwa neno dogo. Hali hii ikidumu wiki moja, au ikazidi mpaka mtu asiweze kuachwa peke yake, ni jambo la kupelekwa hospitali.

Katika kushuka, huzuni au ukavu wa moyo humshika siku nyingi mfululizo, wiki mbili na zaidi. Yale aliyoyapenda hayapendi tena. Usingizi humpotea au humzidi. Chakula hakipiti, au hula kupita kiasi. Masomo humshinda, hujiona hana thamani, na fikra za mauti humjia. Wako pia ambao hali mbili hizi huwachanganyikia pamoja, na hao hatari yao ni kubwa zaidi.

Pengine mzazi atasema, "Vijana wote ndivyo walivyo, leo wacheka, kesho wanuna." Ni kweli. Kununa kwa siku moja kwa sababu ya kukatazwa jambo si maradhi. Mizani ni hii: usimpime mtoto wako kwa mtoto wa jirani, mpime kwa mazoea yake mwenyewe. Je, amebadilika kuliko alivyokuwa? Je, mageuko hayo yamedumu siku nyingi? Je, usingizi wake umebadilika pamoja nayo? Je, shule, nyumba na sahibu zake wote wameyaona? Ukijibu ndiyo, usingoje. Na ikiwa katika ukoo wenu amewahi kuwako mwenye hali kama hiyo, usingoje zaidi, kwani maradhi haya hutembea katika jamaa.

Mwingine atauliza: je, kusema hivi si kukanusha majini? La, hatukanushi, Qur'ani imethibitisha kuwako kwao. Lakini kuamini kwamba majini wako ni jambo moja, na kudai kwamba jini fulani yumo katika mtoto fulani ni jambo jingine, na hilo la pili ni dai la ghaibu. Ni nani aliyempa mganga ilimu hiyo? Msomeeni mtoto Al-Fatiha na Al-Muawwidhatayn, mumwombee usiku na mchana. Hayo ni mema wala hayapingani na dawa. Ubaya ni kumfunga kamba, kumpiga, kumfukiza moshi mpaka akazimia, au kuuza dhahabu ya mama kwa ajili ya ngoma, na huku siku za matibabu zapotea.

Wala asidhani mtu kwamba maneno haya yametoka Ulaya. Abu Zaid al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika juu ya maslaha ya miili na nafsi, akapambanua baina ya huzuni yenye sababu inayojulikana na huzuni imjiayo mtu bila ya sababu ya kujulikana, akairejesha hii ya pili kwenye asili ya mwili. Na Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake Cairo mwaka 1284, wagonjwa wa akili waliwekewa mahali pao humo. Wazee wetu katika dini walijenga hospitali; sisi twajenga minong'ono!

Wala kuugua si upungufu wa imani. Nabii Yaakub (a.s.) alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe, naye ni Nabii. Na mwanamke mwenye kifafa alimwendea Mtume (s.a.w.) kumlalamikia, naye hakumkemea wala hakumwambia imani yake ni dhaifu, alimhiari baina ya kusubiri apate Pepo na kuombewa apone. Na sharia yetu imemwondolea kalamu aliyepotewa na akili mpaka zimrudie. Ikiwa Mola wake hamhisabu kwa aliyoyatenda hali ya kuwa hana akili, wewe jirani wamhisabu kwa lipi?

Basi tufanyeni nini? Kwanza, mzazi na achukue daftari, aandike tarehe, saa alizolala mtoto, na mageuko aliyoyaona. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha baipola. Daktari huijua kwa khabari anazopewa, na daftari hilo litamfaa. Naye atachunguza pia kama kuna maradhi mengine, au bangi, au miraa. Na ni wajibu wenu kumwambia kweli.

Pili, dawa ikiandikwa isikatwe kwa kuwa kijana ameonekana mzima. Iko dawa ya lithiamu, iliyojulikana faida yake tangu mwaka 1949 kwa kazi ya daktari John Cade wa Australia, nayo bado yatumika. Mwenye kuinywa hupimwa damu mara kwa mara, na mwili wake ukipungukiwa na maji, dawa huweza kuzidi ikawa sumu. Kwa hivyo, kabla ya Ramadhani na amwendee daktari. Na akiambiwa asifunge, basi ni mgonjwa aliyeruhusiwa na Mola wake, asilazimishwe kwa kuogopa watu.

Tatu, akitaja mauti, muulizeni waziwazi kama ataka kujidhuru. Kumuuliza hakumtii fikra hiyo. Ondoeni kamba, sumu ya panya na vidonge, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Msifiche kwa kuogopa polisi. Januari mwaka 2025 Mahkama Kuu ya Kenya ilikibatilisha kifungu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa jinai.

Nne, msimwoze kijana ili apone. Ndoa si dawa ya maradhi haya, na kumficha mchumba jambo kubwa kama hili ni ghushi.

Kijana yule wa darsa yetu alipelekwa kwa daktari. Leo yuko kazini, anywa dawa yake, alala usingizi wake, na asali pamoja na watu. Nilimwendea nikamwomba radhi, akanisamehe. Nami nawaandikia haya ili asije mwalimu mwingine akahitaji kusamehewa kama nilivyohitaji mimi, au akamkosa wa kumsamehe.

Ewe Mola wetu, waponye vijana wetu, wape subira wazazi wao, na utuepushe sisi tunaofundisha na kusema tusilolijua. Amin.