Juu ya Kazi Ifanywayo Nyumbani

Kijana mmoja wa usharika alinijia pamoja na baba yake. Kijana huyo ni karani katika ofisi ya Mji Mkongwe. Sasa kampuni moja ya ng'ambo yamtaka aiandikie hesabu akiwa nyumbani kwake Fuoni, kwa kompyuta na intaneti. Yeye apenda, baba akataa, asema, "Mtu asiyetoka asubuhi hana kazi." Wakaniuliza ni nani mwenye haki.

Tangu maradhi ya Korona ya mwaka 2020, wengi ulimwenguni wametamani kazi ya namna hii. Tusiseme upesi kwamba huo ni uvivu. Hapa Unguja kofia hushonwa na ukili husukwa nyumbani tangu zamani, wala hatuwaiti wafanyao hayo wavivu. Naye Mtume Paulo, alipokuwa Korintho, alikaa kwa Akila na Prisila, akashona hema pamoja nao.

Lakini hofu ya mzee ni hii: nani atamwangalia? Hapo ndipo penye swali lenyewe. Pale Mkunazini palikuwa na soko la watumwa, hata likafungwa mwaka 1873. Mtumwa alifanya kazi kwa kuogopa jicho la msimamizi na fimbo yake. Jicho likigeuka, mkono ulilegea, na nani atamlaumu? Bali mtu huru hujulikana kwa kazi aifanyayo pasipo kutazamwa. Mwajiriwa asiyefanya kazi ila akivizwa, amejirudisha utumwani mwenyewe. Na bwana amviziaye mtu mwaminifu kutwa, amemnyima uungwana wake.

Tena nalimwonya kijana. Mwanamke alimaye mwani Paje hawezi kuichukua bahari nyumbani. Wala muuguzi wa Mnazi Mmoja, wala hamali wa bandari ya Malindi, hawana hiari hiyo. Basi mwenye hiari asijione bora, wala asijifungie hata jirani akawa mgeni kwake. Saa aliyoipoteza kila siku katika daladala si yake peke yake: na ampe mama yake sehemu, na mgonjwa wa mtaani sehemu.

Martin Luther alifundisha ya kuwa kazi ya kila Mkristo ni wito, ili amtumikie jirani. Wito huo hauulizi mlango ni wa ofisi au wa nyumba.

Basi nikamwambia baba, "Mruhusu." Nikamwambia mwana, "Baba yako asikukute umelala jua likipanda." Nasi sote tujiulize: kazi yangu ingekuwaje, kama asingeniona mtu ila Mungu?