Ugumu na Uthabiti

Swali ambalo wanazuoni wamelizungumza kwa njia nyingi, na ambalo mafundi wetu wa Unguja hulijibu kila siku kwa mikono yao pasi na kulitamka, ni hili: vitu viwili vilivyokuwa mbalimbali vikiisha kuunganishwa, ni kwa sifa gani vitadumu katika muungano wao, je, ni kwa ugumu wa kile kilichoviunganisha, hata isibaki nafasi ya kimoja kutikisika mbele ya mwenzake, au ni kwa ulaini wake, ambao huupokea mtikiso, ukauchukua, kisha ukakirejesha kila kimoja mahali pake? Watu wengi hujibu upesi kwamba ni kwa ugumu, kwa sababu jicho hudhani kuwa kila kigumu kina nguvu; na dhana hiyo, nionavyo mimi, imetupotezea nyumba, vyombo na suhuba za watu wema.

Nitaanza na kitu kidogo kiuzwacho katika maduka ya Darajani kwa bei isiyomshinda mtu, nacho ni gundi ya papo kwa papo, ile iliyozoeleka kwa jina la supa gluu. Asili yake ni Marekani, ambako mwaka 1942 wanakemia waliokuwa wakitafuta plastiki angavu ya kutengenezea vilengeo vya bunduki waliipata wakaiacha, maadamu ilinata kwa kila ilichokigusa na kuwaharibia kazi. Hata mwaka 1958 ndipo kampuni ya Eastman Kodak ilipoanza kuiuza kwa sababu ya tabia ile ile iliyokuwa imechukiwa kwayo. Haihitaji moto wala kuchanganywa na kitu. Unyevu mchache uliotanda juu ya vitu vyenyewe hutosha kuiamsha, na kwa nukta chache chembe zake hushikana mfululizo, ikawa ngumu mfano wa kioo. Katika kisiwa kama hiki, ambacho hewa yake ina maji mwaka mzima, huganda kwa haraka zaidi, na pengine huacha ukungu mweupe pembezoni mwa kiungo, ambao fundi huupangusa kwa kidole cha gumba kabla ya kumkabidhi mteja mali yake.

Mtazame fundi huyo anapopokea kiatu kilichobanduka soli. Hutia matone, akabana, akangoja kidogo, na mwenye kiatu akaenda zake radhi. Na lau angekishika kwa mikono miwili akakivuta, asingeweza kukibandua. Lakini mguu wa binadamu haukivuti kiatu, hukikunja. Kila hatua ni mkunjo mmoja penye vidole na mshindo mmoja kisiginoni, na gundi ile ngumu, ambayo ingestahimili mvuto wa mtu mwenye nguvu, hupata ufa mwembamba ukingoni. Na ufa ukiisha kuanza ndani ya kitu kisichokunjika, hakuna cha kuuzuia, huenda mbio mpaka mwisho. Ukiitazama soli iliyobanduka namna hiyo utaona utando mweupe ulio sawasawa, unaong'aa, hauna hata uzi mmoja wa raba iliyong'oka nayo, kwa maana kwamba raba na ngozi zingali nzima kama zilivyokuwa, na kilichosalimu amri ni kile kilichosifiwa kwa nguvu.

Wenye viwanda walipolitambua jambo hili waliichanganya gundi hiyo na chembe za raba, ndogo zisizoonekana kwa jicho, na hikima yake ni kwamba ufa unapokimbia ndani ya kiungo hukutana na chembe hizo, nazo zikanyumbuka, zikaumeza ule mshindo, na ufa ukafa pale pale. Gundi ya aina hii ndiyo ichaguliwayo pale chuma kinapounganishwa na raba, au kitu kinapotazamiwa kuanguka, kutetemeka, kupata joto kisha baridi. Ila ina thamani yake ya kulipwa: aghalabu huchelewa kuganda kuliko ile kavu. Basi fundi mwerevu haulizi tu ni mzigo gani kiungo kitauchukua, bali huuliza kwanza pigo litatoka upande gani, na kama yeye mwenyewe ana muda wa kungoja.

Na lililo kweli kwa kiatu ni kweli zaidi kwa nyumba. Kuta za Mji Mkongwe, ambazo unene wake aghalabu hufikia nusu mita na zaidi, hazikujengwa kwa mawe yaliyochongwa yakalingana, bali kwa matumbawe yenye matundu na maumbo yasiyofanana, yaliyozamishwa katika udongo mwekundu, mchanga na chokaa, na juu yake zikalazwa boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio uliokata shauri la upana wa vyumba vyetu. Chokaa hiyo ilichomwa papa hapa kisiwani: mawe hupangwa juu ya tanuu la magogo, yakawaka hata yakaiva, yakamwagiwa maji au yakaachiwa mvua, na waashi wa zamani hawakuitumia ila baada ya kuipumzisha kwa miezi. Ikiisha kutiwa ukutani huanza safari ndefu ya kuvuta hewa na kurejea kuwa jiwe, safari ambayo ndani ya ukuta mnene huchukua miaka, na muda wote huo ukuta unaweza kutulia juu ya msingi wake, kunywa maji wakati wa masika na kuyatoa wakati wa kiangazi, bila ya kupasuka. Hata nyufa nyembamba zikitokea, maji ya mvua huyeyusha chokaa kidogo na kuitua mle mle ufani, ukajiziba.

Mwenye nyumba aliye na haraka huona hayo yote kuwa ni uzembe. Humwita fundi, akapiga lipu ya saruji, na baada ya siku chache nyumba inapendeza, imenyooka, imekuwa ngumu. Lakini maji yaliyomo ndani ya matumbawe, pamoja na chumvi yake, hayana tena njia ya kutokea. Chumvi huganda nyuma ya lipu na kuisukuma, na haipiti miaka mingi ila utaigonga kwa kifundo cha kidole usikie uwazi nyuma yake. Kisha siku moja kipande kizima huanguka, nacho hakianguki peke yake, huondoka na ngozi ya matumbawe. Hapa jambo limekuwa baya kuliko lile la kiatu, kwa kuwa kilichotiwa ili kuhifadhi ndicho kilichokula kilichohifadhiwa. Mji huu ulitiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na naamini kwamba heshima hiyo itategemea zaidi chokaa iliyongojewa kuliko maandiko yoyote yaliyotiwa saini.

Nyumba ya Beit al-Ajaib iliyomo katika mji huo huo, iliyojengwa na Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, ilisalimika na mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, ikasimama miaka mingi baada ya hapo, hata tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake kubwa ikaporomoka na watu wawili wakafariki, Mwenyezi Mungu awarehemu. Kazi ya kuirejesha ni kazi ya kupatanisha maumbile mawili yasiyofanana, chuma cha nguzo zake, ambacho kikipata kutu huvimba na kulipasua jiwe lililokibana, na matumbawe, ambayo hunywa maji na kuyatoa. Na kitakachowekwa baina ya viwili hivyo kina uzito sawa na vyenyewe.

Wazee wetu wa baharini walilijua hilo kabla ya sote. Mtepe, chombo kilichojulikana sana katika visiwa vya Lamu, ulishonwa mbao zake kwa kamba za makumbi, bila ya msumari wa chuma; na Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, ameeleza katika habari za safari zake sababu ya vyombo vya namna hiyo, kwamba bahari hii ina miamba, na chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, ilhali kilichoshonwa kwa kamba hunyumbuka kikasalimika. Wala isidhaniwe kwamba ulaini huo ulipatikana bure, kwani mtepe ulivuja, na mabaharia walifua maji ngamani bila ya kuchoka, na mishono yake ilihitaji kurejelewa kila ilipochakaa. Leo mafundi wa Nungwi hupiga misumari, lakini nao hawakuthubutu kuuacha ulaini kabisa: wanapokalafati hushindilia pamba iliyotiwa mafuta baina ya mbao, hata mbao zikivimba majini au zikinywea juani, pamba ikafuata.

Ipo hoja ya kupinga maneno haya, nayo si hoja ya kudharauliwa. Qurani tukufu, katika Surat As-Saff, imewasifu wapiganao katika njia ya Mwenyezi Mungu kwa safu moja, ikawafananisha na jengo lililokamatana. Basi mtu atasema kwamba sifa ya umma ni kukamatana, wala si kunyumbuka, na kwamba mwenye kuhubiri ulaini anafungua mlango wa unafiki. Jawabu lake, kwa fikira yangu, limo katika kitendo cha Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, kilichopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari: alipomfananisha muumini kwa muumini mwenzake na jengo ambalo sehemu zake hutiana nguvu, aliingiza vidole vya mkono mmoja baina ya vidole vya mkono wa pili. Atakaye ithibati na afanye hivyo sasa hivi. Ataona kwamba vidole vilivyokazwa vikanyooka huchomoka kwa mvuto mdogo, na kwamba mikono haishikani sawasawa ila vidole vinapokunjika, kila kimoja kikazunguka vya mwenzake. Tena jinsi mikono inavyovutwa, ndivyo vinavyozidi kukunjika na kushika.

Fauka ya hayo, tuangalie wakati ambao Mtume alisifiwa kwa upole katika Surat Aal Imran. Haukuwa wakati wa raha. Ulikuwa baada ya vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, baada ya wapiga mishale kuacha mahali walipoamrishwa wasipaache, na kosa lao likawaletea Waislamu msiba. Na hapo ndipo alipoambiwa kwamba lau angekuwa mkali mwenye moyo mgumu, wangetawanyika kutoka kwake. Upole huo, basi, ulitiwa mahali palipopigwa, kwa watu waliokosa, katika saa ambayo ukali ungekuwa na udhuru. Na aya ile ile, baada ya kumwamrisha awasamehe, awaombee maghufira na ashauriane nao, inaendelea kumtaka akiisha kuazimia amtegemee Mwenyezi Mungu; azma na upole zimewekwa pamoja bila ya moja kuifukuza nyingine. Kisichotikisika ni imani, haki na ahadi. Kinachonyumbuka ni mkono uvishikao.

Lakini atakayesema kwamba ulaini usio na mpaka ni uharibifu, nami namwitikia kwa moyo mmoja, kwani kiungo kilicholegea kupita kiasi huteleza chini ya mzigo wa daima, na mtepe uliolegea mishono huzama hata pasipo na mwamba. Sheria ya ndoa imelizingatia hilo kwa uangalifu ambao sijauona kwingine. Qurani imeiita ndoa ahadi nzito, na juu ya hivyo haikuifanya ahadi isiyo na pa kutikisikia: wakihitilafiana mume na mke, hutafutwa mwamuzi mmoja katika jamaa za mume na mmoja katika jamaa za mke; talaka ikitamkwa, mke hukaa eda, ambayo kwa madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na watu wengi wa Unguja, ni tuhuri tatu kwa mke apataye hedhi, yaani vipindi vitatu vya usafi baina ya hedhi, na katika muda huo mume anaweza kumrejea, na nafasi hiyo ya kurejea imewekwa mara mbili. Ya tatu haina marejeo, isipokuwa baada ya mke kuolewa na mume mwingine ndoa ya kweli, wakaingiliana, kisha wakaachana, naye akamaliza eda yake. Mume aliyekwisha kutamka mara mbili anaishi na mkewe katika nyumba ile ile, chini ya boriti zile zile, na ndimi zao wote wawili zimejifunza kuchagua maneno. Na wazee wanaoitwa kusuluhisha baina ya watu kama hao, wakiisha kukaa na kuletewa kahawa, huuliza kwanza ni talaka ya ngapi, maana jibu hilo ndilo linalowaarifu imebaki nafasi kiasi gani ya kufanyia kazi.